Nchi ya Wahesabu Vidole

Umewahi kuhesabu vidole vyako mara kumi na moja kabla hujanywa chai ya asubuhi, kila mara ukapata kumi, na bado usiamini? Mimi nimewahi. Sikuwa na homa, wala sikuwa nimerogwa kama ambavyo angedhani jirani yangu. Nilikuwa katika nchi ya Hakikani, na huko kuhesabu vidole ni sheria.

Nikueleze kwanza hali niliyokuwa nayo, ndipo utaelewa kwa nini nchi ile ilinipokea kama mtoto wake. Nilikuwa na miaka ishirini na saba. Mtoto wangu wa pili alikuwa na miezi minane. Mama yangu mzazi alikuwa amefariki katikati ya mfungo uliopita. Mume wangu, marehemu Kibwana, alikuwa anatoka alfajiri kwenda shamba la mkonge na kurudi saa kumi jioni akinuka yale maji makali ya mkonge, harufu ambayo siku hizo ilinichefua na leo nikiipata mahali nasimama nisiondoke. Siku moja nilikuwa natwanga. Moyo ukaanza kunienda mbio bila sababu. Vidole vikafa ganzi. Ua wangu, kuku wangu, jiwe langu la kufulia, vyote nikaviona kama viko upande wa pili wa kioo, kama picha ya mahali pa watu wengine. Nikasema moyoni: basi, akili ndiyo hiyo inaondoka.

Sikumwambia mtu. Kwetu alikuwako mwanamke aliyewahi kusema maneno kama hayo, na tangu siku ile watu wakawa wanamwamkia kwa sauti kubwa, polepole, kama wanamsemesha kiziwi. Nikanyamaza. Nikawa najipima mwenyewe kila baada ya muda: jina langu nalijua? Leo siku gani? Mtoto nimembeba kwa kanga ipi, ya korosho au ile ya mama?

Safari yenyewe siielezi, na kwa kweli msafiri anayeeleza sana njia mara nyingi hana la kusema akifika. Nilikuwa kwenye kigoda nachambua mchele, mtoto amelala nyuma yangu. Niliporudi bado alikuwa amelala, na pumba hazijapeperuka kwenye ungo. Katikati ya hapo nilikaa Hakikani siku tisa kwa hesabu yao. Niliinua macho tu, nikaona dirisha la mbao la rangi ya kijani, na nyuma yake karani mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi.

"Jina?"

"Mwanaheri binti Shehoza."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

"Vidole?"

"Kumi."

"Umevihesabu leo, mama, au unakumbuka vya jana?"

Nikaangalia mikono yangu. Nikavihesabu. Karani akapiga muhuri kwenye kadi ndogo ya manjano, akanisogezea kwa heshima. "Karibu Hakikani," akasema. "Ukifika kona ile, hesabu tena."

Hakikani ni nchi nzuri. Nalisema hilo mapema kwa sababu naikumbuka kwa hamu mpaka leo, na sitaki mtu adhani nawasema vibaya watu wake. Baraza zao ni za saruji iliyosuguliwa mpaka inang'aa, na mbele ya kila nyumba kuna mrehani uliopandwa kwenye kopo la samli. Wanasalimiana kwa mikono miwili, na humo humo kwenye salamu kila mmoja anamhesabia mwenzake vidole kwa kidole gumba, haraka haraka, bila kutazama chini. Chakula chao kingekipita chetu kwa utamu kama kisingeungua. Mpishi anakaanga kitunguu, anakumbuka kwamba hajajikagua tangu adhuhuri, anaacha mwiko. Anataja jina lake, jina la mama yake, siku ya leo, anahesabu vidole. Akirudi, kitunguu kimekuwa mkaa. Anaanza upya. Nchi nzima inanuka ukoko. Hata leo siku nyingine nauacha wali wangu ushike chini kidogo, makusudi, wajukuu wakanicheka.

Jambo jingine nililoliona mapema ni kwamba watu wa huko wana mashangazi wagonjwa wengi mno. Kila siku mtu mmoja au wawili mtaani hawapo, na ukiuliza unaambiwa: amekwenda kumjulia hali shangazi yake. Niliwahurumia. Nikadhani ni maradhi ya ukoo.

Sheria yenyewe nilielezwa hivi. Wazee wao wa kale waliona kwamba akili haina kamba wala kufuli, kwa hiyo siku ikitaka kuondoka haitamuaga mtu. Dawa ni kuilinda. Kila raia mzima hupita kwenye dirisha la mhakiki mara tatu kwa siku na kujibu maswali. Akijibu bila kusita, kadi yake inapigwa muhuri wa kijani. Akisita, muhuri mweusi. Mihuri mitatu myeusi kabla mwezi mwingine haujaandama, huyo amehesabiwa kuwa ameanza kutoka, na hupelekwa juu kilimani kwenye Nyumba ya Waliotoka, peke yake, bila mume, bila mke, bila mtoto.

"Na akishafika huko?" nilimuuliza karani.

"Hatujui, mama. Hajarudi mtu akatuambia."

Wanazo na dalili zao. Kubwa kuliko zote ni moyo kwenda mbio. Wao wanasema hizo ni nyayo za akili inayotembea kwenda mlangoni. Kwa hiyo mtu wa Hakikani moyo ukimwenda mbio hujifanya anakohoa, au huinama kufunga kiatu. Siku yangu ya kwanza sokoni nilishangaa jinsi watu wa pale wanavyokohoa, na jinsi viatu vyao visivyokaa vimefungwa.

Nilipewa malazi kwa Bi Mashavu binti Rehani, msusi wa mikeka. Alikuwa rika langu, mwembamba, mwenye mwanya, na alikuwa na binti wa miezi minane aitwaye Tatu, mnene kama andazi. Mume wake, Makame, alikuwa seremala wa milango. Sheria ya Hakikani inamtaka mume amuulize mkewe mara saba kwa siku kama yuko sawa. Makame alikuwa anampenda sana mke wake, kwa hiyo aliuliza mara arobaini. Nilimhesabia siku moja kwa punje za mahindi.

Bi Mashavu amekaa chini, ukili, ule utepe wa mkeka, umelala mapajani, miyaa ya kusukia ya rangi mbili iko kwenye maji. Dirisha linafunguka, kichwa cha Makame kinaingia na vumbi la randa kwenye nyusi.

"Mashavu, uko sawa?"

"Niko sawa."

"Sawa kabisa?"

"Kabisa, baba Tatu."

"Maana umenyamaza."

"Nasuka, Makame. Mtu akisuka hunyamaza."

"Haya." Kichwa kinatoka. Kinarudi. "Hata jana ulinyamaza."

Alipoondoka, Bi Mashavu akacheka, lakini mikono yake ilikuwa imepotea kwenye ukili. Alikuwa amekosea kupandanisha rangi, ikabidi afumue upana wa viganja viwili. "Ananipenda," akaniambia. "Ananipenda mpaka nakosa pumzi."

Kisha akanionyesha kadi yake. Aliificha chini ya mkeka wa kulalia, kama tulivyokuwa tunaficha barua tukiwa wasichana. Ilikuwa na mihuri miwili myeusi, na mwezi ulikuwa na siku sita kuandama.

"Ilianza nilipojifungua," akasema, anaangalia mlango. "Nimempakata mtoto, namtazama, mara moyo huo. Mikono siyo yangu. Chumba kinakwenda mbali. Najiambia, Mashavu, leo ndiyo leo, unatoka, na huyu utamwangusha. Basi naanza kujihesabu. Nikimaliza naanza tena. Dada, kuna siku nimejihesabu mpaka maziwa yamenilowesha nguo na mtoto analia, nami bado niko kwenye kidole cha saba. Wakinichukua huyu atanyonya wapi?"

Nilimtazama. Kila alichokieleza nilikuwa nakijua kama ninavyojua njia ya kisimani kwetu. Nilitaka kumwambia, na mimi pia. Nikamwambia tu, "Usijali, utavuka." Ni neno bovu hilo. Anayelisema husikia nafuu, anayeambiwa hapati kitu.

Siku ya nne alinipeleka kwenye baraza lao kuu la sheria, kwa sababu wageni wanaruhusiwa kukaa benchi la nyuma, na alitaka tusikilize hoja iliyomhusu. Lakini hoja ya kwanza ilikuwa hii: je, mtu akilala, akili yake iko chini ya ulinzi wa nani?

"Mtu akilala hajihesabu," alisema mheshimiwa mmoja mrefu, mwenye kanzu iliyonyooshwa mpaka inakata. "Je, nani anamhesabia?"

"Mkewe!" wakajibu wa upande wa dirishani.

"Na mkewe akilala?"

Watu kadhaa wakakohoa.

Mwanamke mmoja mnene aliyewakilisha vijiji vya mpunga akasimama. "Mimi nauliza tu, waheshimiwa. Mtu akiamka asubuhi akapika chai, akaweka sukari isiwe chumvi, si ndiyo tumeona akili ilikuwepo?"

Walicheka sana. Mmoja akasema, "Mama huyu wa shamba anadhani nchi inaendeshwa kwa chai." Mwanamke naye akacheka, akakaa, akafungua fundo la kanga akatafuna karanga zake. Mhakiki Mkuu, Bwana Tuwano, alikuwa kwenye kiti cha mbele. Alikuwa mtu wa sauti laini na mikono misafi mno, na kila alipomaliza sentensi alifuta vidole kwa leso kimoja kimoja, kuanzia kidole gumba. Aliamua iundwe kamati ya kuchunguza usingizi, na wajumbe wake wasilale mpaka wamalize kazi. Nilipoondoka nchini walikuwa bado wanachunguza, na wawili kati yao walikuwa wamelala.

Hoja ya pili, ile iliyomhusu Bi Mashavu, kwamba muhuri mweusi usipigwe kwa mzazi anayenyonyesha, haikusomwa. Muda uliisha kwa kuhesabu vidole vya waliohudhuria. Bi Mashavu alijifunga kanga vizuri, tukaondoka.

Muhuri wa tatu aliupata siku ya sita, dirishani, mimi nikiwa nyuma yake kwenye foleni na Tatu begani kwangu.

"Jina la mama?" akauliza karani.

"Mwanakombo."

Alikuwa amelijibu vizuri. Karani alinyanyua muhuri wa kijani, kisha, kama mtu mwema anayetaka kumsaidia mwenzake asikosee, akauliza: "Una hakika?"

Niliona mgongo wa Bi Mashavu ukikakamaa. Akafungua mdomo. Ikapita pumzi moja, ikapita ya pili. Watu wawili nyuma yetu wakainama kufunga viatu.

"Pole, dada yangu," alisema karani, na nadhani alimaanisha. Akashika muhuri mwingine.

Kesho yake saa nne asubuhi tulipanda kilima. Makame alimbeba Tatu. Nyuma yetu walifuata majirani, kwa huzuni ya kweli, na Bwana Tuwano na makaratasi yake. Kwenye geti la chuma mlinzi alisema mume na mtoto wanaishia hapo. Mgeni anaweza kuingia, kwa sababu sheria ilisahau kumtaja mgeni. Bi Mashavu alimnyonyesha Tatu wima, pale pale, mbele za watu, akamrudisha mikononi mwa baba yake. Makame alikuwa analia bila kujificha. "Mashavu, uko sawa?" akauliza. "Uko sawa lakini?" Mkewe akamgeuzia uso, tukaingia.

Nilikuwa nimejiandaa kwa vilio na minyororo. Niliogopa zaidi kwamba nitawakuta watu wenye uso wangu. Badala yake tulikuta ua uliofagiwa, mfagio wa chelewa umesimamishwa ukutani, kuku watatu, na mwanamke wa makamo ameketi kwenye benchi refu, anamenya mbaazi mbichi kwenye ungo. Jina lake Bi Kazija. Alikuwa mpishi wa nyumba ile.

"Karibuni," akasema. "Kaeni. Wino haujakauka."

Akatueleza utaratibu. Jina la mtu likishaandikwa kwenye kitabu kikubwa, lazima wino ukauke muda wa saa tatu kamili kabla mlango wa ndani haujafunguliwa. Katika muda huo mtu anasubiri benchini.

"Na waliotoka wako wapi?" nikauliza. "Mbona kimya?"

Bi Kazija akatuelekeza kwa kidevu. Tukachungulia dirishani. Vitanda arobaini, vimetandikwa shuka nyeupe, kila kimoja na chandarua kilichofungwa fundo juu. Hapakuwa na mtu.

"Hawajafika," akasema Bi Kazija. "Miaka kumi na tisa mimi niko hapa, na kabla yangu alikuwa shangazi yangu. Kila mwezi nafua shuka ambazo hazijalaliwa. Wanaletwa, wanakaa hapo mlipokaa, wanatetemeka, wanasema wanakufa, wanasema akili hiyo inakwenda. Mimi nawapa mbaazi wamenye. Tangu shangazi yangu mpaka mimi, haujakauka wino mtu akiwa bado anatetemeka."

"Wanapona?" akauliza Bi Mashavu.

"Nani kasema wanapona? Inapita. Siku nyingine inarudi, inapita tena. Wagonjwa wa akili wenyewe wana nyumba yao kule mtoni, na mganga wao, na dawa zao, na wengi wanarudi makwao wakaoa na kuolewa. Hapa naletewa waoga tu. Woga unatesa, mwanangu, sikatai. Lakini hapa haujawahi kunipa mgeni wa kulala."

"Sasa wakishapata nafuu wanakwenda wapi?"

"Mlango wa nyuma. Unapita migombani, unazunguka mlima, nusu siku. Wanaona aibu kushukia getini. Wakiulizwa walikuwa wapi…" Bi Kazija akaanza kucheka mpaka mbaazi zikamwagika. "Shangazi mgonjwa!"

Nikatazama benchi lile. Lilikuwa la mninga, limelainika kama ndani ya kinu cha zamani, lina mabonde mabonde ya kukaliwa. Nusu ya mji ilikuwa imepita pale. "Hapo penye bonde kubwa," akasema Bi Kazija, "pa Bwana Tuwano. Huja mara mbili kwa mwaka, kwa mlango wa nyuma, kwenda na kurudi. Anamenya vizuri, haharibu hata punje."

Ilikuwa vizuri kwamba tulicheka, kwa sababu haikuchukua muda ikaja. Bi Mashavu akashika kifua. Uso ukampauka. "Dada," akaniambia, "ndiyo hii. Kubwa. Niambie jina langu." Na nikiangalia vidole vyake vinavyotetemeka, moyo wangu nao ukashika njia, ua ukaenda upande wa pili wa kioo, nikaanza kimoyomoyo: kimoja, viwili, vitatu.

Bi Kazija hakuuliza kitu. Alisogeza ungo ukawa katikati yetu. "Wewe chukua ganda," akasema. "Bonyeza mgongoni. Likifunguka pitisha kidole gumba. Punje ziangukie hapa, ganda lile kule. Usijihesabu. Kama moyo unataka kukimbia, ukimbie, uwanja ni mkubwa. Mkono uendelee."

"Nitatoka, mama!"

"Toka basi, huku unamenya."

Nakumbuka kila ganda. Nakumbuka yale ya kijani yenye mistari ya zambarau, na yale yaliyoanza kukauka ambayo yanakataa. Nakumbuka mdudu mdogo mweupe kwenye punje moja. Hofu ilipanda kama maziwa yanavyopanda kwenye sufuria, yanafika ukingoni, unasema sasa yanamwagika, na mimi siku zote hizo nilikuwa nayakimbilia kabla hayajafika pale, nikipuliza, nikikoroga. Safari hii mikono ilikuwa na kazi nyingine. Yakafika ukingoni. Yakasimama. Yakaanza kushuka yenyewe. Bi Mashavu alikuwa analia kimya kimya, machozi yanadondokea mbaazi, lakini kidole gumba chake hakikuacha kupita. Kuku mmoja akaja akadokoa, Bi Kazija akamfukuza kwa matusi ambayo siwezi kuyaandika. Tukaona ua umerudi karibu. Ungo ulikuwa umejaa.

Hapo ndipo nilipomwambia Bi Mashavu. "Na mimi," nikasema. "Tangu mtoto wangu azaliwe. Na mama alikuwa amekufa." Mkono wake wenye unyevu wa mbaazi ukashika wangu, na hakuhesabu kitu.

Wino ulikuwa bado mbichi. Bi Kazija akasimama kutuonyesha mlango wa nyuma, ule wa migombani. Wakati ule ule tukasikia, kutoka getini, Tatu analia. Siyo kilio cha kudeka. Kile cha njaa. Bi Mashavu alijitazama kifuani. Kanga ilikuwa imelowa.

"Migombani ni nusu siku," akasema.

"Nusu siku," akakubali Bi Kazija.

"Na getini?"

"Getini hatua thelathini. Ila hajawahi kutoka mtu huko. Wote watakuona."

Bi Mashavu alijifuta mikono, akakaza kanga, akaenda. Nilimfuata. Mlinzi alipotuona alifungua kitabu cha kanuni, akalamba kidole, akapekua ukurasa mmoja hadi mwingine kutafuta kifungu cha anayetoka kwa mbele. Hakikuwepo. Akabaki ameshika kitabu, na geti likawa wazi.

Majirani walikuwepo wote, wamekaa kwenye majani kama watu waliokuja matangani. Wakanyanyuka. Bwana Tuwano alikuja mbele na karatasi yake.

"Bi Mashavu," akasema kwa ile sauti laini. "Umepona?"

"Sijapona, Bwana Tuwano. Imepita. Pengine kesho itarudi."

Watu wakavuta pumzi. Sikusikia mtu kukohoa.

"Basi tufuate utaratibu. Vidole?"

Lakini Bi Mashavu alikuwa ameshampokea mtoto, ameketi chini palepale kwenye vumbi, amemweka kifuani, mkono mmoja chini ya kichwa, wa pili umeshika kile kiguu kinene. "Mikono yangu ina kazi," akasema. "Hesabu vyako."

Bwana Tuwano aliangalia mikono yake. Kisha macho yake yakavuka geti, kwenye ukuta ambao benchi liko nyuma yake, na niliona anafahamu kwamba na mimi nafahamu. Karatasi aliikunja mara mbili. Yule mwanamke wa vijiji vya mpunga, ambaye sikujua amefika saa ngapi, akasema kwa sauti ya kutosha, "Mimi shangazi yangu alikufa zamani, kabla sijazaliwa." Mzee mmoja nyuma akasema, "Wangu pia." Kisha msichana aliyekuwa anauza maandazi. Kisha karani wa dirishani, mwenye miwani ya uzi, akainua mkono kama mtoto wa shule.

Makame hakuwasikia. Alikuwa amechuchumaa mbele ya mke wake, macho mekundu, mikono imening'inia hajui aiweke wapi, midomo imeshajikunja kwa lile swali. Nami nilijua, kwa kuwa nilikuwa na mume mwema kama huyo nyumbani, kwamba hana ubaya hata kidogo, na kwamba hakuna mtu aliyewahi kumwambia atoe kitu kingine badala ya swali.

Bi Mashavu alimwekea kidole mdomoni, taratibu.

"Makame," akasema. "Miezi minane kuna neno nalimeza. Mimi ninaogopa. Ikija, nataka ukae hapa kando yangu, bega lako liguse langu, usiniulize kitu, unyamaze na mimi mpaka ipite."